Diski mpya kwa kompyuta ya mezani: HDD ya 4 TB, SSD, au zote mbili?

Mwandamo ameuliza:

Habari wakuu. Naomba ushauri wa kuchagua na kufunga diski mpya kwenye kompyuta ya mezani.

Iliyomo sasa ni HDD (diski ya sahani zinazozunguka) moja ya 1 TB, inchi 3.5, 7200 rpm. Ina Windows 10 na kila kitu changu: hati, picha, video, gemu chache. Imebaki na GB 60 tu. Ikiwashwa inachukua dakika kadhaa kutulia, na kuna folda moja ya picha nikiifungua kila kitu kinaganda huku taa ya diski ikiwaka bila kuzima. CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, inaonyesha alama ya njano. Mstari wa 05 una 0, C5 una 8, C6 una 0, C7 una 0.

Ubao mama una poti sita za SATA (za kebo za diski) na tundu moja la M.2 (la SSD nyembamba). RAM ni GB 16. Pawa saplai ni ya wati 550, ile ya kebo za kuchomoa. Kasha lina nafasi mbili za inchi 3.5.

Nilikuwa nafikiria HDD moja ya 4 TB ichukue nafasi ya hii. Je, niende hivyo au nichanganye na SSD (diski ya chipu, isiyozunguka)? Niangalie nini kwenye vipimo vya diski kabla ya kununua? Na Windows niihamishe ilivyo au nianze upya?

---

Sumaku amejibu:

Mkuu, kabla ya kununua tuanze na hiyo C5, maana ndiyo inayoamua kazi zifuatane vipi.

C5 ni idadi ya sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na imeziweka kwenye orodha ya kusubiri. Haijazitupa wala haijazirudisha kazini, na haitaamua mpaka kitu kiandikwe upya juu yake. Hiyo nane nayo ina maana yake. Diski nyingi za sasa zina sekta halisi za baiti 4096 lakini zinahesabu kwa vipande vya baiti 512, kwa hiyo sekta moja halisi ikiharibika unaona 8. Zikiwa mbili utaona 16, ila angalia: CrystalDiskInfo isipobadilishwa mpangilio huandika thamani ghafi kwa heksadesimali, hivyo 16 itaonekana kama "10" na 24 kama "18". Watu wengi wanasoma hapo vibaya na kudhani hali ni afadhali kuliko ilivyo.

05 ni sekta zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akiba ya diski. C6 ni zile ambazo hata ukaguzi wa diski yenyewe umeshindwa kuzisoma. C7 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mama, na ikipanda mtuhumiwa wa kwanza ni kebo ya SATA. C7 hairudi sifuri hata ukibadilisha kebo, kwa hiyo kinachoangaliwa ni kama inaendelea kupanda. Yako ni 0, basi kebo haina kosa. Kule kuganda kunatokana na diski kuirudia sekta ileile mara nyingi kabla ya kukata tamaa, na Windows inaisubiri.

Sekta moja mbovu haina maana kwamba diski inakufa kesho, ila usiipe tena kazi ya kutunza kitu kisicho na nakala. Kuanzia sasa usiendeshe chkdsk /r (ukaguzi wa diski wa Windows) na usipange upya vipande vya mafaili. Zote mbili zinaichosha diski kwa saa nyingi, na chkdsk inabadilisha mfumo wa mafaili wakati data yako bado haijaokolewa. Anza kunakili hati na picha kwenda diski ya nje. Folda inayoganda iwe ya mwisho kabisa. Gemu ziache, zinapakuliwa upya.

Ukishapata ile 4 TB, chukua nakala ya diski nzima kwa ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu) ukitumia Linux ya flashi. Nakala iwe faili moja ndani ya diski mpya, yenye mfumo wa NTFS au ext4. FAT32 haifai, faili moja humo halizidi GB 4.

sudo ddrescue -n /dev/sda /mnt/mpya/zamani.img /mnt/mpya/zamani.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/mpya/zamani.img /mnt/mpya/zamani.map

Amri ya kwanza inachukua vyote vinavyosomeka kirahisi na kuruka sehemu ngumu. Ya pili inarudi kwenye sehemu ngumu na kuzijaribu mara tatu. Faili la .map ndilo linalokumbuka umefika wapi, kwa hiyo umeme ukikatika unarudia amri ileile na kazi inaendelea ilipoishia. Kabla ya kubonyeza Enter hakikisha kwa lsblk kwamba sda ndiyo ya zamani. Ukubwa na jina la modeli vitakuambia.

---

Kijiti amejibu:

Nakubaliana na Sumaku kuhusu mfuatano. Kwenye kununua: chukua zote mbili, SSD ya mfumo na programu, HDD ya mafaili makubwa. HDD ya 4 TB peke yake itakupa nafasi, lakini ule uzito wa kuwaka utabaki palepale.

Sababu ni hii. Diski ya 7200 rpm inazunguka mara 120 kwa sekunde, hivyo kwa wastani kichwa kinasubiri milisekunde 4.17 mpaka sehemu inayotakiwa ifike chini yake. Ongeza kama milisekunde 8 za mkono kusogea kwenye njia sahihi. Jumla ni karibu 12, maana yake diski inafikia sehemu 80 hivi tofauti kwa sekunde. Windows ikiwaka inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. SSD inafikia kila kimoja kwa takribani milisekunde 0.1. Ndiyo maana hata SSD ya SATA, yenye kikomo cha MB 550 kwa sekunde, inaifanya kompyuta ionekane mpya. NVMe (SSD inayotumia njia ya PCIe, yenye kasi kuliko SATA) ya PCIe 3.0 inafika MB 3,500 na ya 4.0 inapita 7,000, ila katika kuwasha na kufungua programu tofauti kati ya SATA na NVMe ni ndogo. Inaonekana wazi ukinakili mafaili makubwa au kuhariri video.

Soma mwongozo wa ubao mama ujue tundu lako la M.2 linapokea nini: SATA tu, NVMe tu, au zote. Umbo la nje linafanana na hapo ndipo watu wanaponunua kisichofaa. Namba 2280 ni milimita 22 upana na 80 urefu, hiyo ndiyo ya kawaida. Angalia pia poti zipi za SATA zinazimika tundu hilo likitumika, maana bodi nyingi zinagawana njia. Na kama ubao ni wa zamani sana, Windows inaweza kuiona NVMe lakini kompyuta ikashindwa kuwakia humo, kwa sababu BIOS (programu ya ubao mama inayowasha kompyuta) haina draiva yake. Hapo SSD ya SATA ya inchi 2.5 ndiyo salama.

Kwenye SSD yenyewe tazama aina ya chipu na TBW, yaani terabaiti ambazo mtengenezaji anadhamini kuandikwa. Samsung 870 EVO ya 1 TB, ambayo ni TLC (biti tatu kwa kila seli), ina TBW 600. 870 QVO ya ukubwa huohuo ni QLC (biti nne kwa kila seli) na ina 360. Ukiandika GB 40 kila siku, TBW 600 ni zaidi ya miaka 40, kwa hiyo kuchakaa kusikuogopeshe. Shida ya QLC kwa mtumiaji wa kawaida ni kwamba sehemu yake ya haraka ikijaa katikati ya kunakili faili kubwa, kasi inaanguka, wakati mwingine chini ya HDD. Kwa diski ya mfumo mimi nachagua TLC. Ukubwa: GB 500 zinatosha mfumo na programu, 1 TB kama gemu zitakaa humo. Usiijaze mpaka juu. Acha asilimia 10 hadi 20 wazi ili kidhibiti chake kipate pa kupangia.

Sasa HDD, na hapa nasisitiza kuliko popote: angalia kama ni CMR (njia za data hazipandiani) au SMR. Kwenye SMR njia za data zinapandiana kama mabati ya paa, kwa hiyo kubadilisha njia moja kunalazimu kuandika upya zile zinazofuata kwenye kundi lake. Diski inaficha hilo kwa kuandika kwanza kwenye sehemu ya akiba, kisha inapanga ikipumzika. Ukiipa mafaili mengi mfululizo akiba inajaa, na kasi inashuka kutoka MB 150 na zaidi hadi makumi machache au chini ya hapo. Kwa kuhifadhi video unazoandika mara moja na kusoma tu, inavumilika. Kwa RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja), kwa mashine za kuigiza, au kwa diski unayofuta na kuandika kila siku, iepuke.

Usitegemee jina la bidhaa, tafuta namba ya modeli kwenye jedwali la mtengenezaji. Seagate Barracuda ST4000DM004, ambayo ni 4 TB, ni SMR. Mfululizo wa IronWolf ni CMR. Western Digital nao mwaka 2020 walieleza kwamba baadhi ya WD Red za 2 TB hadi 6 TB zilikuwa SMR, kisha jina Red Plus likatengwa kwa ajili ya CMR. Kwa hiyo "Red" na "Red Plus" si kitu kimoja.

Mitego miwili ya bei rahisi. Wa kwanza ni diski za seva za SAS. Plagi yake inafanana na ya SATA ila pale penye mwanya kati ya data na umeme pamejazwa plastiki. Haiingii kwenye kebo ya SATA, na adapta ya umbo haitaifanya ifanye kazi kwenye poti za SATA za ubao wako. Wa pili ni SSD bandia zinazojitangaza kuwa kubwa kuliko zilivyo. Ukinunua kwa muuzaji usiyemjua, ijaze yote kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux kabla dhamana haijapita. Programu hizo zinaandika mpaka mwisho kisha zinasoma na kulinganisha, na diski bandia inaumbuka hapo.

---

Mwandamo ameandika:

Asanteni sana wakuu, hii imenifungua macho. Nakala za hati na picha zimeanza kutoka.

Mwongozo wa ubao mama unasema tundu la M.2 linapokea SATA na NVMe, na NVMe ikiwekwa poti ya 5 na ya 6 zinazimika. Kwa hiyo nitachukua NVMe ya 1 TB ya TLC na HDD ya 4 TB ya CMR, na HDD zote zikae kwenye poti ya 1 hadi 4.

Swali moja la umeme: kebo ya SATA ya pawa saplai yangu ina plagi mbili na moja haifiki kwenye nafasi ya pili ya diski. Ninayo kebo ya pawa saplai nyingine, ndefu zaidi, na inaingia vizuri kwenye tundu. Naweza kuitumia?

---

Bisibisi amejibu:

Hapana. Usiichomeke kabisa.

Upande wa diski umesanifiwa: pini 1 hadi 3 ni volti 3.3, pini 7 hadi 9 ni volti 5, pini 13 hadi 15 ni volti 12. Upande wa pawa saplai hakuna kanuni, kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na hata mtengenezaji mmoja anaweza kubadilisha mpangilio kati ya mfululizo mmoja na mwingine. Plagi inaingia, inabana, halafu volti 12 inapita kwenye waya wa volti 5. Diski zote zilizo kwenye kebo hiyo zinaungua kwa wakati mmoja, pamoja na ile unayojaribu kuokoa. Tafuta kebo ya modeli yako hasa, au kirefusho cha SATA kwenda SATA ambacho waya zake zimebanwa moja moja kwenye plagi. Wati 550 zinatosha. HDD ya inchi 3.5 inavuta kama ampea 2 kwenye volti 12 inapoanza kuzunguka, kisha inashuka kwenye wati 5 hadi 8.

Kufunga kwenyewe si kazi ngumu. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma kitupu cha kasha. Usifanyie kazi juu ya zulia.

NVMe ianze, kwa sababu tundu lake mara nyingi liko karibu na kadi ya picha na nafasi ni finyu. Angalia kama nguzo ndogo ya skrubu iko kwenye shimo la 80. Kama haipo, SSD itapinda ukiikaza. Chomeka kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi mpaka pini za dhahabu zipotee karibu zote, ndipo ulaze na ukaze skrubu ya M2 kwa vidole viwili tu. Kama ubao una bamba la kupoza, bandua ile karatasi ya plastiki kwenye utepe wa joto. Ikisahaulika, bamba linageuka blanketi. Stika ya SSD iache ilivyo, ukiibandua unaweza kupoteza dhamana.

HDD inafungwa kwa skrubu za 6-32, zile nene zenye nyuzi zilizoachana. SSD ya inchi 2.5 na diski za DVD zinatumia M3, ambazo ni nyembamba kidogo na nyuzi zake zimesogeleana. M3 kwenye HDD italegea, na 6-32 ikilazimishwa kwenye shimo la M3 inaharibu nyuzi. Weka nne, anza zote kwa mkono, kisha kaza kwa mshalabela. Skrubu zisiwe ndefu: milimita 6 chini ya kichwa inatosha. Diski inaweza kulala au kusimama kwa ubavu, isiinamie tu katikati. Kama kasha lina trei zenye mpira, tumia hizo, zinapunguza mtetemo. Ukiwa na HDD mbili, acha nafasi kati yake na ziwe mbele ya feni. Joto likikaa chini ya nyuzi 45 hakuna cha kuhofia.

Plagi za SATA zina umbo la L na zinaingia upande mmoja tu. Ndogo ya pini 7 ni data, pana ya pini 15 ni umeme. Sukuma ikiwa imenyooka. Ukiisukuma kwa kuinamisha, ulimi wa plastiki wa diski unavunjika, na huo hautengenezeki kirahisi. Kebo ya data isizidi mita 1 na usiikunje kwa pembe kali. Zenye klipu ya chuma ni bora.

Washa, ingia BIOS kwanza. Diski zote zionekane kwa majina. Usiguse mpangilio wa AHCI (modi ya SATA) kama Windows ya zamani bado itatumika. Ukibadilisha modi ya SATA bila kuiandaa, inagoma kuwaka na kuonyesha INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

---

Pengwini amejibu:

Kuhusu Windows: anza upya. Diski yenye sekta mbovu ukiinakili nzima unahamisha na mafaili yaliyotoboka, na huwezi kujua mapema kama tobo liko kwenye picha au kwenye faili la mfumo. Isitoshe, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama ubao wako una UEFI (BIOS ya kisasa), Secure Boot na TPM 2.0, na prosesa iko kwenye orodha inayokubalika, weka Windows 11 moja kwa moja. Leseni ya kidijitali imefungwa na ubao mama, haijali diski, kwa hiyo ikiingia kwenye intaneti inajitambua.

Flashi iwe ya GB 8 au zaidi. Wakati wa kusakinisha acha NVMe peke yake, kebo za data za HDD zote zichomolewe. Kisakinishi kikiona diski nyingine yenye patisheni ya kuwashia, kinaweza kuweka kiwashio humo na mfumo kwenye NVMe. Siku utakapoondoa ile HDD, kompyuta haiwaki. Kwenye menyu ya kuwasha chagua flashi kwa jina lililoanza na UEFI, la sivyo mfumo utawekwa kwa MBR, jedwali la patisheni la zamani.

Ukimaliza, rudisha HDD ya 4 TB. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika diskmgmt.msc. Utaulizwa MBR au GPT: chagua GPT. MBR inahesabu sekta kwa biti 32, na kwa sekta za baiti 512 mwisho wake ni takribani 2.2 TB, nafasi iliyobaki hutaigusa. Tengeneza patisheni moja ya NTFS, saizi ya vipande iache ya kawaida. Itaonekana kama 3.63 TB na haijaibiwa: mtengenezaji anahesabu baiti trilioni 4, Windows inagawa kwa 1024 mara nne.

---

Bisibisi amejibu:

Pengwini, naafiki kwa hali hii, ila nisingesema kuhamisha ni kosa daima. Mwenye programu zenye leseni ngumu kusakinisha upya ana sababu ya kunakili. Mwandamo, ukiamua hivyo: diski lengwa isiwe ndogo kuliko chanzo hata kwa baiti. SSD ya GB 960 haitapokea nakala ghafi ya HDD ya 1 TB mpaka upunguze patisheni kwanza. Kama BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) imewashwa, isimamishe na uwe na ufunguo wa tarakimu 48 mkononi. Baada ya kunakili, chomoa ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Diski mbili zenye kitambulisho kimoja zikikutana, Windows inaizima mojawapo au inaendelea kuwakia kwenye ya zamani bila wewe kujua. Kisha endesha hizi mbili kwa kibali cha msimamizi, kwa mfuatano huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Kama chanzo kilikuwa MBR na unataka UEFI, mbr2gpt /validate /allowFullOS itakuambia kama inawezekana. Haikubali patisheni kuu zaidi ya tatu wala patisheni ya nyongeza. Ikikubali, badala ya /validate unaweka /convert, halafu BIOS unaihamishia UEFI.

---

Mwandamo ameandika:

Nimefunga. NVMe inaonekana BIOS na Windows 11 imeingia bila shida. Ila HDD mpya ya 4 TB haionekani popote. Nimebadilisha poti kutoka 3 kwenda 2 na nimetumia kebo ya data ya ile HDD ya zamani, hali ni ileile. Nikiigusa haina mtetemo wowote, haizunguki kabisa. HDD ya zamani kwenye plagi hiyohiyo ya umeme inazunguka. Diski ni modeli ya seva, SATA, na nimehakiki kuwa si SAS. Imekufa?

---

Sumaku amejibu:

Usiirudishe bado. Diski ya seva isiyozunguka kabisa kwenye plagi inayozungusha diski ya zamani: hiyo ni karibu hakika pini ya 3 ya plagi ya umeme.

Zamani pini 1 hadi 3 zote zilikuwa volti 3.3, na hakuna HDD ya inchi 3.5 iliyozihitaji. Kuanzia SATA 3.3, pini ya 3 ilipewa kazi mpya: seva ikitaka kuizima diski kwa mbali inapeleka umeme kwenye pini hiyo. Pawa saplai za kawaida bado zinaleta volti 3.3 pale muda wote, kwa hiyo diski inasikia amri ya "zima" bila kukoma. Diski ni nzima, inatii tu.

Njia safi ni kebo isiyo na 3.3. Adapta ya Molex kwenda SATA haina, kwa sababu Molex ina volti 12, volti 5 na ardhi mbili tu. Lakini chagua ile ambayo plagi yake ya SATA imeunganishwa kwa vipande na waya unaziona zikiingia moja moja. Zile zilizomiminiwa plastiki moja nzima ziache dukani: ndani waya hukaa karibu mno, joto likilainisha plastiki zinagusana, na hizo zimewasha moto kwenye makasha ya watu. Molex iliyo kwenye kebo asili ya pawa saplai yako, bila shaka.

Njia ya pili ni kufunika pini ya 3 ya diski kwa utepe wa Kapton, ambao unastahimili joto. Ukikosa uangalifu wa kufunika moja, funika 1 hadi 3, hakuna kitakachopotea. Pini ya 1 ni ile ya upande wenye mguu wa L, jirani na plagi ya data. Usitumie selotepu, gundi yake inayeyuka na kuhama.

---

Mwandamo ameandika:

Utepe wa Kapton kwenye pini tatu: imezunguka, BIOS inaiona, Windows inaonyesha 3.63 TB. Asante sana Sumaku. Nianze kuhamisha data?

---

Pengwini amejibu:

Ipime kwanza, ungali na nafasi ya kuirudisha. Soma hali yake kwa CrystalDiskInfo au smartctl: 05, C5 na C6 ziwe sifuri, na saa za kuwashwa zilingane na ulichoambiwa. Diski iliyouzwa kama mpya ikiwa na maelfu ya saa, hiyo si mpya. Kisha ukaguzi mrefu, kutoka ile Linux ya flashi:

sudo smartctl -t long /dev/sdb

Unasoma uso wote. Kwa wastani wa MB 150 kwa sekunde, 4 TB ni kama saa saba na nusu. Matokeo unayaona kwa smartctl -a. Ukitaka mtihani mkali zaidi, badblocks -wsv -b 4096 inaandika na kusoma mifumo minne tofauti, yaani mapito manane, karibu saa 60. Inafuta kila kitu, kwa hiyo ni kwa diski tupu tu. Baada ya hapo soma tena 05 na C5. Zikibaki sifuri, tengeneza tena patisheni kama badblocks imeifuta, kisha endelea na ddrescue kama Sumaku alivyoeleza.

Wakati wa kutoa mafaili kwenye ile nakala, ifungue kwa kusoma tu:

sudo losetup -r -P -f --show /mnt/mpya/zamani.img
sudo mount -o ro /dev/loop0p2 /mnt/zamani

Namba ya loop ni ile amri ya kwanza itakayokuandikia, na p2 badilisha kulingana na patisheni yenye data. Picha zilizoguswa na sekta mbovu zitafunguka nusu au zitakataa. Linganisha na nakala ulizotoa mwanzo kabla ya kufuta chochote.

---

Bisibisi amejibu:

Na ile ya zamani, usiigeuze diski ya nakala rudufu eti kwa kuwa bado inazunguka. Ikae pembeni mpaka data yote ithibitishwe. Halafu kama inatoka mikononi mwako, diskpart, list disk, select disk na namba yake, kisha clean all. Neno "all" ndilo linaloandika sifuri juu ya diski nzima. clean peke yake inafuta jedwali la patisheni tu na data inabaki inasomeka. Chomoa ile ya 4 TB kabla ya kufanya hivyo, maana diskpart haiulizi mara mbili.